Luano na Kolwezi: Njia ya Hewani na Njia ya Nchi

Watu wengi hudhani ya kwamba umbali kati ya miji miwili ni kitu kimoja tu, kama uzito wa gunia la mahindi: ukisha kupimwa, basi. Sivyo. Kati ya Lubumbashi na Kolwezi kuna umbali wa namna mbili. Wa kwanza ni ule wa ndege arukaye angani. Wa pili ni ule wa mtu aendaye juu ya nchi. Wa kwanza Mungu ameuweka, wala hakuna awezaye kuuongeza au kuupunguza hata hatua moja. Wa pili ni kazi ya mikono ya wanadamu, nao waweza kuufupisha au kuurefusha. Leo twataka kuzipima njia hizi mbili pamoja nanyi, wazazi na wanafunzi, kwa maana katika kuzipima limo jambo lihusulo uhai wa watu.

Hesabu ya wanafunzi

Mji wa Lubumbashi una kiwanja chake cha ndege mahali paitwapo Luano, upande wa kaskazini-mashariki. Mji wa Kolwezi, ambao tangu mwaka 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba, nao una kiwanja chake. Je, mwanafunzi mwenye ramani, kalamu na karatasi aweza kujua umbali kati ya viwanja hivi pasipo kupanda ndege? Aweza.

Luano iko kwenye latitudo ya digrii 11 na dakika 35 kusini ya ikweta, na longitudo ya digrii 27 na dakika 32 mashariki. Kolwezi iko kwenye latitudo ya digrii 10 na dakika 46 kusini, na longitudo ya digrii 25 na dakika 30 mashariki. Kila digrii moja ina dakika 60. Toa ndogo katika kubwa: kwa upande wa kaskazini na kusini tofauti ni dakika 49, kwa upande wa mashariki na magharibi tofauti ni digrii 2 na dakika 2, yaani dakika 122.

Sasa, dakika moja ya latitudo ni kilometa 1.85, ndiyo ile maili ya mabaharia na marubani. Basi dakika 49 ni kilometa 91. Dakika ya longitudo nayo ni kilometa 1.85 pale ikweta, lakini mistari ya longitudo huzidi kukaribiana kadiri uendavyo mbali na ikweta, kama vipande vya chungwa vinavyokutana kwenye kikonyo. Katika nchi yetu ya Katanga dakika hiyo imekwisha kupungua kidogo, hata kuwa kilometa 1.82. Basi dakika 122 ni kilometa 222.

Mmekwisha kupata pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba; umbali mnaoutafuta ni upande wa tatu, ulio mrefu. Zidisha 91 kwa 91, zidisha 222 kwa 222, jumlisha, kisha tafuta kipeo cha pili cha jumla hiyo. Mtapata kilometa 240 kasoro kidogo. Huo ndio umbali wa hewani. Ulikuwa huo huo siku za babu zetu, na utakuwa huo huo siku za wajukuu wetu.

Njia ya nchi

Atakaye kwenda kwa motokaa hutoka Lubumbashi akielekea kaskazini-magharibi, apita Lwisha, avuka mto Lufira, afika Likasi. Hapo amekwisha kwenda kilometa zipatazo 120. Kutoka Likasi apita upande wa Kambove hata Nguba, mahali barabara igawanyikapo. Ashika ile ya magharibi, apita Fungurume, avuka mto Lualaba, aingia Kolwezi. Kipande hiki cha pili ni kilometa zipatazo 180. Jumla ni kilometa 300.

Linganisheni: 240 na 300. Kila kilometa 4 za hewani zimekuwa 5 za barabarani. Na sababu yake ni nini? Barabara hii haikukatwa kwa ajili ya msafiri wa Kolwezi peke yake. Iliifuata shaba. Palipo na mgodi barabara imepinda kwenda kuutafuta, na palipo na mto imetafuta mahali pafaapo daraja. Reli nayo ilifanya vivyo hivyo: ilifika Lubumbashi mwaka 1910 ikitoka kusini, kisha ikasonga mbele ikiyafuata machimbo. Rubani hana mgodi wa kuutembelea wala mto wa kuuvuka, ndiyo maana mstari wake umenyoka. Walakini yeye naye hupinda mara kwa mara, hasa katika majira ya mvua, aonapo mbele yake wingu jeusi la radi. Na rubani mwenye akili hulizunguka.

Kutoka Makomeno hata Kolwezi

Tuseme jamaa mmoja akaaye Makomeno, hapa mjini Lubumbashi, apata habari ya kwamba mama mkubwa wa watoto ni mgonjwa sana huko Kolwezi. Je, apande ndege au ashike barabara?

Hewani mwendo ni mfupi: kilometa 240 zamalizika kwa muda wa robo tatu za saa, pamoja na kupanda na kushuka. Lakini hakuna mtu apandaye ndege mlangoni pa nyumba yake. Ni lazima atoke Makomeno, apite katika msongamano wa magari, afike Luano. Tumpe saa 1. Ni lazima awepo kiwanjani mapema, apimiwe mizigo, aonyeshe karatasi zake, angoje. Tumpe saa 2. Akishuka Kolwezi angoje mzigo wake na kutafuta gari la kumfikisha kwa mgonjwa. Tumpe robo tatu za saa. Jumla yake ni saa 4 na nusu.

Na kwa barabara? Motokaa nzuri iendayo kilometa 60 kwa saa, barabara ikiwa wazi, itafika kwa saa 5. Basi faida ya ndege ni nusu saa tu, na nauli yake ni kubwa kupita ile ya basi. Mtu atazamaye ramani peke yake hawezi kulijua jambo hili. Katika safari fupi, kungoja ndiko kulako saa, si kwenda.

Lakini angalieni vema neno lile tulilolisema: “barabara ikiwa wazi.” Mzigo wote wa safari umelikalia neno hilo. Malori yakisimama katika foleni, saa 5 zakuwa 8. Lori moja likipinduka na kuziba njia, zakuwa 12. Daraja likivunjika, hesabu yote imekwisha.

Na kuna miji mingine ambayo hesabu yake ni ya namna nyingine kabisa. Kutoka Luano hata Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, mstari wa hewani ni kilometa zipatazo 660. Kwa ndege hiyo ni safari ya asubuhi moja. Kwa nchi, hakuna barabara moja ya lami iunganishayo miji hii miwili, na wakati wa mvua matope huwafundisha wasafiri saburi. Huko ndege si anasa. Kwa mgonjwa mahututi, au kwa dawa zisizoweza kukaa juani, ndiyo njia yenyewe.

Zamani za misafara

Wazee wetu hawakuhesabu kilometa. Walihesabu siku. Mtu alisema, “Kutoka hapa hata kwa fulani ni siku nne,” na kila mtu alifahamu, kwa maana siku ni kitu ambacho miguu yakijua. Tukihesabu kilometa 20 kwa siku kwa mtu mwenye mzigo, safari ya Lubumbashi hata Kolwezi ni siku 15.

Mfalme Msiri wa Wayeke, aliyekaa Bunkeya, kaskazini ya Likasi ya leo, alikuwa mtu aliyetoka mbali, katika nchi ya Wasumbwa upande wa Unyamwezi. Misafara ilichukua shaba na pembe za ndovu kutoka kwake, ikamletea nguo na bunduki. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni Stairs ulitoka Bagamoyo mwezi wa Julai, ukapita Tabora, ukavuka ziwa Tanganyika, ukafika Bunkeya katikati ya Desemba: miezi mitano na zaidi. Hata Kiswahili chetu cha Katanga kilipita katika njia hizo za miguu. Leo maelfu ya malori hutoka Kolwezi na Lubumbashi kwenda Dar es Salaam na shaba ile ile, na madereva wake husalimiana kwa lugha ile ile iliyowahi kubebwa na wapagazi.

Daraja la Lufira

Na sasa tuwape habari ya mwaka 1961, ambayo kila mtoto wa Katanga yafaa aijue, maana yaonyesha wazi kuliko hesabu yo yote tofauti ya njia ya hewani na njia ya nchi.

Mwezi wa Septemba mwaka ule vita viliwaka kati ya majeshi ya Umoja wa Mataifa na serikali ya Moïse Tshombe, aliyekuwa ametangaza Katanga kuwa nchi peke yake. Askari zaidi ya 150 wa Ireland walikuwa Likasi, iliyoitwa wakati ule Jadotville. Tarehe 13 Septemba walizingirwa na adui waliowazidi sana kwa wingi. Wenzao walikuwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mbali nao kilometa 120 tu. Leo dereva hufika huko kabla ya chakula cha mchana.

Wenzao walitoka kwenda kuwasaidia. Walifika kwenye daraja la mto Lufira, wakakuta limefungwa na kulindwa kwa bunduki. Wakarudi. Wakajaribu tena, wakazuiwa pale pale. Helikopta moja tu ilifaulu kuwashukia waliozingirwa ikiwaletea maji. Lakini madebe yale yalikuwa yamewekwa petroli zamani, na maji hayakunyweka. Tarehe 17 Septemba, risasi na maji vikiisha, askari wale wakajitoa mikononi mwa adui. Kwa rehema ya Mungu hakufa hata mmoja wao katika mazingiwa yale.

Na wakati huo huo, hewani je? Serikali ya Katanga ilikuwa na ndege moja ya vita iliyoweza kuruka, na ndege hiyo ilitoka Kolwezi. Ile njia ya kilometa 240 tuliyoipima kwa kalamu, ndege hiyo iliimaliza kwa muda usiotimia nusu saa. Ilipiga Likasi, ilipiga Elisabethville, ikapiga na kiwanja cha Luano chenyewe. Hakuna daraja lililoizuia. Basi katika siku zile zile Kolwezi ilikuwa karibu sana na Luano kwa mwenye ndege, na Likasi ilikuwa mbali kama mwisho wa dunia kwa mwenye kuvuka Lufira.

Hofu ya ndege hiyo moja ilipindisha na njia ya mtu mkuu. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitoka Léopoldville alasiri ya tarehe 17 Septemba 1961 ili akutane na Tshombe huko Ndola na kutafuta amani. Ndola si mbali na Lubumbashi, kilometa 200 hivi kwa mstari wa hewani. Lakini ndege yake haikupita juu ya Katanga. Ilizunguka upande wa mashariki, kuelekea ziwa Tanganyika, kisha ikashuka kusini gizani. Baada ya kuruka zaidi ya saa 6 ilianguka msituni karibu na Ndola usiku ule. Ilikuwa na watu 16. Mmoja alionekana yu hai, naye akafa siku chache baadaye. Uchunguzi wa sababu ya ajali ile uliendelea miaka mingi, na mmoja wa walioongoza kazi hiyo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa ni Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Je, twajifunza nini? Kwamba umbali haumo katika kilometa peke yake. Umo katika kile kilichosimama katikati. Penye amani kilometa 120 ni safari fupi. Penye vita daraja moja latosha kuwatenga watu kabisa.

Hatari ya siku zetu

Vita vile vimekwisha, na daraja la Lufira liko wazi. Lakini barabara ya Kolwezi bado yala watu, na sasa wanaoiharibu si adui wenye bunduki. Ni sisi wenyewe.

Shaba na kobalti ya Kolwezi yatakiwa duniani kote, na kobalti hasa kwa ajili ya betri za simu na za motokaa za umeme. Ili kuyatoa madini haya katika udongo wake hutumika asidi nyingi, na asidi hiyo nayo husafirishwa kwa malori. Kwa hiyo katika barabara hiyo hiyo apitayo mama mwenye mtoto mgongoni, basi la abiria na kijana wa baiskeli mwenye magunia ya makaa, ndipo yapitapo malori mazito usiku na mchana. Tarehe 20 Februari 2019, penye kijiji cha Kabwe, lori lililobeba asidi ya sulfuri lilipata ajali pamoja na magari mengine. Asidi ikawamwagikia watu, na watu wapatao 20 wakafa. Wengine waliopona wamebaki na makovu na vilema. Walikuwa watu wa kawaida waliokuwa njiani na shughuli zao.

Hatusemi ya kwamba hewani hakuna hatari. Mwezi wa Novemba 2025 ndege iliyomchukua waziri wa madini ilipata ajali katika kutua Kolwezi, ikashika moto. Walakini wote waliokuwamo walitoka hai. Viwanja vyetu vya Katanga viko juu sana: Luano ni meta 1,309 juu ya bahari, na Kolwezi meta 1,500 na zaidi. Mahali pa juu namna hii hewa ni nyepesi, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa. Lakini fikirini jinsi watu wa ndege wanavyoiheshimu hatari yao. Kabla ya kuruka, rubani hupima mafuta, hupima mzigo, huuliza habari za mvua na upepo. Aliyekunywa pombe haruhusiwi kushika usukani. Je, dereva wa kamio achukuaye roho 30 juu ya magunia hufanya nusu ya hayo?

Amri ya Tano

Wakristo wengi huungama dhambi ya hasira, ya uongo, ya wivu. Ni wachache mno waungamao mwendo wa kasi. Hata hivyo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yalitaja jambo hili chini ya Amri ya Tano, ile isemayo usiue. Yafundisha ya kwamba mtu ahatarishaye usalama wake na wa wenzake kwa ulevi au kwa tamaa ya mwendo wa kasi, iwe barabarani, iwe baharini, iwe angani, ana hatia kubwa mbele ya Mungu. Angalieni: njia zote tatu zimetajwa. Mungu aliyetukataza kuua nyumbani hakutupa ruhusa ya kuua safarini.

Basi ninyi madereva, ambao wengi wenu mmetundika sanamu ya Mtakatifu Kristofa mbele ya macho yenu, mkumbukeni ya kuwa yeye husifiwa kwa kumvusha mtoto salama, wala si kwa kufika upesi. Msilale usingizi mkishika usukani. Afadhali kulala Likasi kitandani kuliko kulala Nguba mtaroni. Ninyi wenye malori, jueni ya kwamba breki mbovu ni deni ambalo mtu mwingine atalilipa kwa damu yake. Ninyi wazazi, msiwapandishe watoto juu ya mizigo kwa ajili ya kupunguza nauli. Na ninyi mliopewa kazi ya kutunza barabara, na kupokea fedha za wapitao, kumbukeni ya kwamba kila shimo lisilozibwa linazidisha umbali kati ya mgonjwa na hospitali yake.

Wasafiri wa angani nao wana mwombezi wao: Bikira Maria wa Loreto, aliyewekwa na Baba Mtakatifu Benedikto XV mwaka 1920 kuwa msimamizi wa warukao, na sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba. Kwa mapokeo ya Loreto, nyumba ya Nazareti ilichukuliwa angani na malaika. Ni vema kumwomba kabla ya kupaa. Lakini wengi wetu tutaendelea kwenda kwa nchi, na sala ya mwenda kwa nchi yadai na kazi ya mikono.

Wanafunzi, tunawapeni zoezi la Jumapili hii. Chukueni ramani ya parokia yenu, pimeni kwa rula mstari ulionyoka kutoka nyumbani kwenu hata kanisani. Kisha pimeni njia mnayoipita kwa miguu. Tofauti itakuwapo, kubwa au ndogo. Basi waulizeni wazazi: ni kitu gani kilichosimama katikati? Labda ni mfereji usio na daraja, labda ni korongo lililochimbwa na mvua, labda ni ugomvi wa majirani wawili uliofunga kijia. Tena waulizeni: twaweza kukiondoa? Mstari wa hewani hamtaweza kuufupisha kamwe. Njia ya nchi mwaweza, na jembe moja latosha kuanza.